Tatu Nukta Nne Yenye Mlima

Mama yangu alitangaza GPA yangu kabla ya chuo. Kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyempa namba. Nilimpa saa tatu asubuhi tukiwa tunaanika dagaa kwenye chanja pale mwaloni Ujiji, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na ilipofika saa sita mchana mvuvi nisiyemjua hata kwa sura akanipita na injini ya mtumbwi begani akasema, "Hongera mwalimu, tatu na nusu si mchezo."

Nikaitikia kwa unyenyekevu wa uongo, ule wa kuinamisha kichwa kidogo.

Niseme mapema kwamba nilisomea ualimu wa hisabati. Nakiri sasa ili msije mkagundua mbele mkanicheka mara mbili. Miaka mitatu nilifundishwa namna ya kuwafundisha watoto wa watu kutafuta wastani, halafu wastani wangu mwenyewe ukanishinda. Mwenye kicheko akitoe hapa, akimalize, tuendelee.

Chuo kimoja pale mjini Kigoma kilikuwa kimebandika tangazo, kinatafuta mkufunzi msaidizi wa hisabati. Sifa zilikuwa shahada ya kwanza, tabia njema, na GPA isiyopungua tatu nukta tano. Tabia njema ningeiazima kwa muda. Kilichoninyima raha ni hiyo tatu nukta tano. GPA, kwa ambaye hakupita huko, ni namba moja inayojaribu kusema mambo yako yote ya chuoni: ukipata A unapewa pointi tano, B ya kujumlisha nne, B tatu, C mbili, na mwisho wa safari vyote vinasagwa pamoja unakabidhiwa namba moja yenye nukta katikati. Hiyo ndiyo wewe. Ukiomba kazi, haulizwi mtu, inaulizwa namba.

Kwa mama, ile haikuwa kazi, ilikuwa mtoto wa kubaki naye. Kaka yangu alipanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Dada yangu akapanda treni hiyohiyo kwenda kuolewa Morogoro. Nikabaki mimi, kitinda mimba, na mimi nilikuwa tayari nimeitwa na shule moja ya binafsi huko Newala, kusini kabisa, ambayo ilisema njoo hata kesho. Mama alipoelezwa Newala iko wapi, aliuliza swali moja tu.

"Huko watu wanakula nini?"

"Nadhani korosho, mama."

Akasonya. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nikifikisha tatu nukta tano, nalala kwenye kitanda changu Ujiji na kila asubuhi naenda kazini mjini. Nikikosa, treni. Na nisijifanye jasiri, mimi mwenyewe sikutaka kwenda popote. Miaka mitatu ya chuo nilikuwa nakula wali maharage nikiota mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwa letu.

Sasa, matokeo ya muhula wa mwisho yalikuwa yameshatoka, ila GPA ya jumla bado. Nikasema, kwani mimi nimesomea nini? Nikachana upande wa boksi la sabuni, nikaandika GPA za mihula yangu sita. Mbili nukta nane. Tatu nukta mbili. Tatu nukta nne. Tatu nukta sita. Tatu nukta nane. Nne nukta mbili. Zilikuwa zinapanda kwa heshima, hata ukizitazama tu unazipenda. Nikajumlisha, ishirini na moja. Nikagawa kwa sita. Tatu nukta tano kamili, haina mkia.

"Mama, nimepata tatu na nusu!"

Mama aliacha kugeuza dagaa. "Nusu kamili?"

"Kamili. Haipungui hata dagaa mmoja."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaondoka kuelekea walikokuwa wamesimama wanunuzi. Nikasikia vigelegele. Nikajua imekwisha, mji umepata habari.

Siku ile aliuza kama mtu aliyepandwa na wazimu. Mama huuza dagaa wakavu kwa kisado, kile kindoo kidogo cha rangi kila mtu anakijua. Kisado kikijaa hadi ukingoni, kwake bado hakijajaa. Anaendelea kumwaga mpaka dagaa wapande juu na kufanya mlima, na mlima ukianza kuporomoka pembeni ndipo anasema, "Haya, chukua." Mlima ule si zawadi wala nyongeza, ndio kipimo chenyewe. Mwaloni kwetu muuzaji akipitisha kijiti juu ya kisado akakisawazisha, hakuna atakayesema anapima kwa haki. Watasema ni mwizi, na watamwambia usoni. Lakini siku ile mama alizidisha, milima ikawa mirefu mpaka wanunuzi wenyewe wakaona aibu.

Jirani yake wa chanja, mama ambaye wazee wake walivuka ziwa zamani kutoka Kongo na ambaye sijawahi kumwona amefunga mdomo zaidi ya dakika moja, akamwonya. "Dada, usimkatie mwana kanzu kabla hajazaliwa. Chuo kimesema?"

"Huyu kazaliwa," mama akamjibu. "Anatembea, na ana tatu na nusu. Kama una wivu, wako pia mpeleke shule."

"Wangu walikataa shule wakaja kula kwangu. Wewe wako amesoma, atakula kwako vilevile. Tumelingana!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku mbili baadaye GPA ya jumla ikatoka. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani, maana hapo ndipo simu yangu hukubali mtandao. Nikafungua akaunti yangu ya mwanafunzi. Tatu nukta nne. Nikafunga, nikafungua. Tatu nukta nne. Nikazima simu, nikahesabu hadi ishirini, nikaiwasha. Namba ilikuwa palepale, imekaa tu, haina hata haya.

Nilikasirika. Mimi nikikasirika huwa napiga simu. Nikampigia kiongozi wetu wa darasa, kijana mmoja mpole wa kuudhi, nikamwambia chuo kimeniibia na nitakwenda mpaka kwa waziri.

"Umepigaje hesabu?" akauliza.

"Nimejumlisha mihula yote sita, nikagawa kwa sita."

Hapo nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni mtandao unakatika, kumbe ni yeye anajizuia kucheka.

"Dada yangu, umesoma hisabati na sisi au ulikuwa unapita tu? Na krediti umezipeleka wapi?"

Jamani. Krediti! Kila kozi ina uzito wake, na uzito huo ndio krediti. Unachukua pointi za kozi unazizidisha kwa krediti zake, unajumlisha kozi zote za miaka mitatu, ndipo unagawa kwa jumla ya krediti. Hili nilifundishwa wiki ya kwanza chuoni, tena na mtu mwenye sauti kubwa. Muhula wangu wa kwanza, ule mbaya wa mbili nukta nane, nilipokuwa nadhani kipindi cha saa moja asubuhi ni utani, ulikuwa na krediti sitini na sita. Muhula wa mwisho, ule mtamu wa nne nukta mbili, ulikuwa na arobaini na nane tu. Nilikuwa nimezihesabu kana kwamba zinalingana.

Nikakaa palepale mtumbwini nikahesabu upya, kozi baada ya kozi. Pointi zangu zote, elfu moja mia mbili arobaini na nne. Krediti zangu zote, mia tatu na sitini. Nikagawa. Tatu nukta nne tano tano.

Moyo ukafufuka. Nne tano tano! Kila mtoto aliyekaa darasa la tano anajua kwamba ikifika tano unapandisha. Nikapiga simu tena.

"Chuo hakipandishi," akasema yule mpole. "Wanachukua tarakimu moja baada ya nukta. Zinazobaki wanakata."

"Wanakata wanapeleka wapi?"

"Sijui. Labda wanakula."

Nikamkatia simu. Mwisho wa kupeleka maombi pale mjini ulikuwa Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumatano.

Sikumwambia mama siku hiyo. Niseme ukweli, niliogopa. Na mama, kama vile amepewa kazi ya kunitesa, aliniita mwalimu jioni yote. Mwalimu, chai. Mwalimu, sogeza hiyo sufuria. Mwalimu, kuku ameingia ndani. Kila mwalimu ilinichoma kifuani. Nililala na kanga usoni kama mgonjwa.

Asubuhi ya Alhamisi, kwenye chanja, nikasema. "Mama, ile tatu na nusu haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilitafuta maneno ya kumfaa, nikamwambia achukulie kwamba muhula wa kwanza nilileta dagaa wabovu ndoo nzima, na muhula wa mwisho nikaleta dagaa wazuri kikombe kimoja, halafu mimi nikahesabu kwamba nusu ya dagaa wangu ni wazuri.

Nilitegemea atanipa pole. Mama alinitazama kichwa kama mtu anayetafuta nilipojigonga nikiwa mdogo.

"Ndoo na kikombe?" akasema. "Wewe? Uliyekulia hapa? Ukaweka ndoo na kikombe ukasema viwili sawa?"

"Nilisahau, mama."

"Alisahau! Jamani njooni mmsikie mwalimu wa hesabu!" Jirani alikuwa ameshasogea tangu zamani. "Nimekusomesha miaka yote hiyo usahau kitu ambacho huyu hapa anakijua na darasa la nne hakumaliza!"

"Nilimaliza," jirani akasema. "La tano ndilo sikulianza."

Nikaona nimalizie kabla sijazikwa. Nikamweleza mama kwamba hata hivyo nilikaribia sana, kwamba kwa kweli nina tatu nukta nne na kitu juu yake, ila kile cha juu chuo hukikata. Nikachukua kijiti kilichokuwa mchangani, nikakipitisha hewani juu ya kisado chake kilichojaa, kumwonyesha.

Mama akauangalia ule mkono wangu. Hasira yake ikahama kutoka kwangu, niliiona kabisa ikihama.

"Chuo hakijazi mlima?"

"Hakijazi."

"Wanakata na kijiti?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Watu wazima? Wamesoma?" Akageuka kwa jirani. "Haba na haba hujaza kibaba, tunawaimbia watoto. Kumbe wenzetu kibaba kikijaa wanakipangusa!" Akafunga kanga ya pili kiunoni, akakiinua kisado kilichojaa, mlima na vyote. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa hao wa mjini wenye kazi."

"Mama, si wao waliokata. Waliokata ni kule nilikosoma."

"Wote wanasoma kitabu kimoja. Twende."

Tukapanda bajaji kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini, mama amekumbatia kisado, mlima ameufunika kwa kiganja, na kila tuta la barabarani akimtukana dereva kwa adabu. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikiri kitu kingine pia. Mahali fulani moyoni, pembeni kidogo ya aibu, nilikuwa naamini atashinda. Sijawahi kumwona mama ameshindwa na mtu kwenye kipimo.

Afisa wa ajira wa kile chuo alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye," mama akamjibu kwa Kiha, akijaribu bahati, na yule bwana akatabasamu akaitikia, akasema kwao ni Kidahwe. Nikaona mama anavyojiweka sawa kitini. Alijua ameshapata mguu mmoja mlangoni.

Nikatoa karatasi zangu. Afisa akazisoma, akavua miwani. "Mama, tangazo linasema isiyopungua tatu nukta tano. Huyu binti ana tatu nukta nne."

"Ana tatu nukta nne yenye mlima," mama akasema.

"Yenye nini?"

Mama akaweka kisado mezani, juu ya mafaili. Akamweleza yote. Akamwonyesha ukingo uko wapi, mlima unaanzia wapi, na kwamba mtu akimwambia amenunua kisado, hakuna Muha wala Mmanyema wala Mbembe atakayeelewa kwamba kimeishia ukingoni. "Wewe umetoka Kidahwe," akasema. "Mama yako akikutuma kisado cha dagaa ukamletea kilichokatwa, atakupokea?"

"Atanirudisha," afisa akakubali.

"Basi."

Yule bwana akacheka, lakini hakusogea. "Mama, mwaka jana alikuja kijana ana tatu nukta nne nane. Mlima wake ulikuwa mrefu kuliko wa binti yako. Nilimrudisha. Huyu nikimpokea, yule nimwambie nini?"

"Yeye alikuja na mama yake?"

"Alikuja peke yake."

"Ndiyo maana!"

Afisa alicheka mpaka akajifuta macho, hata mimi nikacheka, na kwa dakika moja ile ofisi ilikuwa kama mwaloni. Kisha akachukua fomu moja, akaigeuza kumwelekea mama, akaweka kidole. Palikuwa na kisanduku cha tarakimu moja, nukta, na kisanduku kingine cha tarakimu moja. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

"Tazama mwenyewe, mama. Hakuna mahali pa kuuweka mlima. Ningekuwa na mahali, wallahi ningeuweka."

Mama akaivuta ile fomu karibu. Hajui kusoma sana, lakini visanduku viwili alivielewa. Nikamwona mabega yanashuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitapanda treni.

Afisa, kwa kutafuta cha kusema, akauliza, "Hao dagaa ni wa kuuza?"

"Wa kuuza."

"Nipatie."

Mama akanyoosha mkono, akaokota rula iliyokuwa mezani kwa yule bwana. Akatandaza ncha ya kanga, akaipitisha rula juu ya kisado, taratibu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mlima wote ukaangukia kwenye kanga. Akafunga fundo. "Haya," akasema. "Kipimo cha hapa kwenu."

Yule bwana akamimina dagaa wake kwenye boksi la karatasi, akalipa, akaturudishia kisado. Tukatoka.

Tulifika ngazi za nje. Mama akasimama. Akanipa mkoba wake nishike, akarudi ndani karibu akikimbia, nami nyuma yake. Akafungua fundo la kanga juu ya lile boksi, akamwaga mlima wote, dagaa wakajaa wakamwagikia karatasi za watu, na bado anakung'uta kanga.

"Mkono wangu haujui," akamwambia. "Nimejaribu. Haujui."

Yule bwana alisimama wima kabisa. "Asante, mama," akasema.

Kwenye bajaji ya kurudi mama alikikumbatia kisado kitupu mpaka tulipokaribia Ujiji. Nikawa najiandaa kwa maneno kuhusu ndoo na kikombe, ambayo nilistahili. Akasema, "Yule kijana wa nne nane, sijui alikwenda wapi."

Wiki iliyofuata nikapanda treni. Jirani alikuja stesheni kumshika mama mkono, akaniuliza kama Newala kuna ziwa. Nikamwambia hakuna. "Basi wakikasirika wanatazama nini?" akauliza.

Nilikuwa na mwezi mmoja na nusu Newala nilipopigiwa simu na wakala wa basi kwamba nina mzigo. Nikaenda nikiwa bado na chaki mikononi. Kilikuwa kile kisado cha mama chenyewe, nilikijua kwa alama ya moto ubavuni. Kimefungwa mfuniko, kimezungushiwa gundi ya karatasi mara nyingi. Juu ya mfuniko, kwa kamba ya nyavu, palikuwa pamefungwa kifurushi cha kipande cha kanga, kizito kidogo, kinachotoa mchakacho ukikigusa.

Nikampigia nikiwa palepale kituoni. "Mama, hiki cha juu ni nini?"

"Mfuniko ulikataa kufunga," akasema. "Nilijaribu kuubana na goti, jirani akaukalia, wapi. Sasa ningefanyaje, nikukate? Nimekufungia mlima wako pembeni."

Nilifika chumbani kwangu nikabandua gundi, nikafungua mfuniko. Dagaa walikuwa sawasawa na ukingo, hawapungui hata mmoja. Nikafungua kile kifurushi, nikamimina juu yao polepole mpaka wakapanda, wakasimama, wakaanza kuporomoka mezani. Nikawaokota walioanguka nikawala wakavu hivyohivyo, nikilia na kucheka, mtu mzima, mwalimu wa hisabati.